Wizara ya Sababu za Kurudi

Nchi ya Subiria haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo anayedhani anaijua ajihadhari, na anayekumbuka kuwahi kupanga foleni huko atulie, huenda amechanganya na kwingine. Ni nchi ya amani. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wengi kuliko madaraja, na watu wake wamejaliwa kipaji ambacho mataifa makubwa hayana: wanajua kungoja. Wanangoja maji, wanangoja dawa, wanangoja mgeni rasmi. Mtoto wa Subiria hujua kungoja kabla hajajua kukaa.

Mbali na Subiria, safari ya kuchosha kwa ndege, iko nchi inayoitwa Ng'ambo Kuu. Huko wazee ni wengi na vijana wanaokubali kuwaogesha wazee ni haba, kwa hiyo Ng'ambo Kuu inawahitaji sana Wasubiria, ila haiwataki. Ili mambo haya mawili yapate kukaa pamoja, ikafungua ubalozi. Ubalozi ulidai mambo ya kawaida tu: picha ambayo masikio yote mawili yanaonekana na sura haicheki, cheti cha mapafu, cheti cha tabia kutoka polisi, na uthibitisho wa fedha kwa mtu anayesafiri kwa sababu hana fedha. Wasubiria waliyatimiza yote hayo, maana vyeti ndilo zao pekee linalostawi kwao bila mbolea. Lililowashinda ni swali la mwisho, lililoulizwa kwenye dirisha la kioo. Utarudi? Na kwa nini?

Hiyo "kwa nini" ndiyo iliyowamaliza. Aliyeulizwa aligeuza shingo akatazama nje, akauona mji wake, akautazama vizuri, kisha akakosa la kusema. Wakanyimwa viza makundi kwa makundi, na aibu ikafika hadi kwenye Baraza la Mawaziri.

Baraza lilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwapa watu sababu zenyewe za kurudi, kama vile maji ya bomba, hospitali zenye dawa, na mahakama zinazomaliza kesi mshtakiwa angali hai. Mtaalamu akapiga hesabu, ikaonekana ghali. Ya pili ilikuwa kuunda wizara. Wakaunda wizara.

Mheshimiwa Kasuvi Mtandika aliapishwa kuwa Waziri wa Sababu za Kurudi, na hotuba yake ya kwanza ilisikika kwa simu iliyowekwa mbele ya kipaza sauti, kwa kuwa siku hiyo alikuwa Ng'ambo Kuu akitengenezwa meno. "Ndugu wananchi," alisema, na maneno yake yalivuja kidogo kwa sababu ya ganzi, "haiwezekani taifa huru likakosa sababu. Sababu tunazo tele. Tatizo ni kwamba hazijaratibiwa." Watu walipiga makofi mbele ya kiti kitupu. Wengine walilia.

Wizara ikaratibu. Ikagawa sababu katika mafungu. Zikawapo sababu zinazopumua, yaani watoto, wazazi, wake na ng'ombe. Zikawapo sababu zisizopumua, yaani nyumba, mashamba na makaburi. Ikawapo pia sababu ya hisia, yaani mapenzi kwa nchi, lakini hiyo ilikubaliwa kwa watumishi wa ngazi za juu peke yao, kwa kuwa wengine wote walionekana hawana mahali pa kuitoa. Mtu aliyetaka viza alipita kwanza wizarani, sababu yake ikapimwa, ikapigwa muhuri, ndipo akaenda nayo ubalozini. Biashara ikachangamka. Waliokuwa na wazazi wazee wakawa wanawaazimisha. Bibi mmoja wa mtaa wa Mferejini alikuwa sababu ya nusu ya vijana wa mtaa huo, na alipokufa nusu hiyo iliomboleza kwa dhati.

Katika mtaa huohuo wa Mferejini aliishi Bi Zamoyoni, mshonaji wa magodoro ya sufi. Sufi ilimkaa kwenye nyusi hata siku za sikukuu, na watoto walimwita Bi Wingu, wala hakuwakataza. Mumewe, Mzee Kombo, alikuwa amefariki zamani. Mungu alimpa mtoto mmoja tu, Arafa, naye aliona ametosheka. Arafa alikuwa na kicheko cha kukata pumzi. Akianza kucheka mtu alilazimika kumshika bega asianguke.

Arafa alipokwenda Ng'ambo Kuu kuogesha wazee, wizara ilikuwa ingali changa na ina bidii. Alipoulizwa sababu yake ya kurudi, alisema, "Mama." Basi Bi Zamoyoni akaitwa, akapigwa picha kwa mbele na kwa ubavu, ameshika kibao kilichoandikwa SABABU. Arafa alicheka mpaka mpiga picha akamtoa nje. Kisha akaondoka. Viza yake ilipokwisha, kikongwe aliyekuwa akiogeshwa naye alimng'ang'ania, akasema hataki mkono mwingine. Arafa akabaki kidogo, akabaki tena kidogo. Kila Ijumaa alipiga simu na kusema anakuja baada ya mfungo, bila kutaja mfungo upi.

Halafu ikaja simu ambayo si ya Ijumaa. Bi Zamoyoni alikuwa ameketi ndani ya godoro nusu, anashindilia sufi kwenye pembe. Aliyepiga ni Hadiya, mwenzake Arafa wa kazini. Alisema Arafa alianguka jikoni akipasha uji wa mzee mmoja, moyo ukasimama, na walipofika hospitali ilikuwa imekwisha. Bi Zamoyoni hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja.

"Nani yuko naye sasa hivi?"

Hadiya akasema, "Yuko kwenye friji ya hospitali, mama."

Kumleta nyumbani kulihitaji fedha ambazo hata kama angeshona magodoro ya nchi nzima asingezipata. Lakini kwa akina Bi Zamoyoni, mwana wa kike akifa na mama yake yu hai, maji ya kwanza ya kumwosha hutoka mkononi mwa mama, kama yalivyotoka siku aliyozaliwa. Wengine huendelea baada yake. Hadiya alisema ataiomba hospitali ivute muda, ingawa friji za huko nazo zina foleni. Wanawake wa Mferejini wakachanga nauli, jirani yake Bi Kidawa akipita nyumba kwa nyumba na ulimi wake usiolala, akiwaambia wanaume wanaojifanya wamesinzia kwamba hata maiti hulala kwa adabu kuliko wao. Nauli ikapatikana. Bi Zamoyoni akatoa sufi kwenye nyusi, akavaa baibui lake zuri, akaenda wizarani kutafuta sababu.

Afisa Sababu wa zamu alikuwa Bwana Ngwenje, kijana mpole mwenye tai fupi. Alimkaribisha kwa heshima zote, akamwita mama, akamletea kiti ambacho hakikuwa na mguu mmoja na kumwomba radhi kwa niaba ya kiti. Kisha akaandika jina lake kwenye kompyuta. Akatazama kioo, akamtazama yeye, akamwita mwenzake wa meza ya pili aje naye aone.

"Kumbe ndiye wewe," alisema.

"Ndiye nani, baba?"

"Sababu." Akageuza kioo ili naye ajione, kwa mbele na kwa ubavu, na kile kibao. "Arafa binti Kombo aliondoka hapa kwa dhamana ya sababu moja inayopumua, nayo ni wewe, mama. Viza yake ikaisha, hakurudi. Kwa lugha ya ofisi, wewe ni sababu iliyofeli."

Bi Zamoyoni alijitazama pale kwenye kioo. Alikuwa mnene kidogo wakati ule. Nyuma ya bega lake ulionekana ukingo wa mkono wa Arafa, umeziba mdomo unaocheka.

"Hakurudi kwa kuwa amekufa," alisema.

"Pole sana, mama. Lakini viza ilikwisha kabla hajafa. Ofisini tunayatenganisha hayo mambo." Ngwenje alisema hivyo kwa upole wa kweli, na huo upole ndio uliokuwa mgumu kuuvumilia. Akaeleza kwamba mtu aliyefeli kama sababu hawezi kusafiri mpaka yeye mwenyewe apate sababu iliyo imara kuliko yeye. Akauliza kama anaye mtoto mwingine. Hana. Mume? Amefariki. Wazazi? Wamefariki. Ng'ombe? Mferejini watu hawana hata mahali pa kufugia kuku.

"Ungekuwa na mtoto hapa tungemaliza leo hii," Ngwenje alisema kwa masikitiko.

"Huyo ninayekwenda kumzika ndiye aliyekuwa sababu yangu."

"Ndiyo maana nakwambia, mama. Huna."

Alipoona machozi yanamlengalenga, kijana akapekua kanuni, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, na Subiria imejaa watu wasio wabaya waliokaa nyuma ya meza. Akapata njia. Kaburi la mume ni sababu isiyopumua, mradi lithibitike kuwa halihamishiki na kwamba lina mvuto wa kutosha. Kupima mvuto ni kazi yake, ila ni lazima aende mwenyewe kuliona.

Wakaenda makaburini, Bi Zamoyoni, Bwana Ngwenje na futi yake ya kupimia, na Bi Kidawa ambaye hakualikwa na hangeweza kuzuiwa. Kaburi la Mzee Kombo lilikuwa kichuguu cha mchanga kama yalivyo makaburi ya watu wa kawaida, na jiwe kichwani. Ngwenje akalipima urefu. Akauliza marehemu na mkewe walielewana kiasi gani.

"Mwandikie waligombana siku za Ijumaa tu," alisema Bi Kidawa.

Ngwenje akasema ugomvi unashusha mvuto.

"Hebu nikuulize, mwanangu. Wewe jioni kinachokurudisha nyumbani kwako ni mvuto?"

Kijana akafikiri kwa unyofu, akasema ni ubwabwa. Bi Kidawa akamwambia basi aandike hivyo wizarani, wajenge nchi juu yake.

Kaburi lilifeli. Halikufeli kwa ugomvi, bali kwa mchanga. Kaburi lisilosakafiwa, kanuni ilisema, laweza kuchukuliwa na mvua, na kinachoweza kuchukuliwa na mvua kinahamishika. Bi Zamoyoni hakubishana. Kwa desturi yao makaburi hayatiwi saruji, humwachia maiti udongo mwepesi. Lakini kesho yake wanawake wa Mferejini walibeba mchanga na saruji kwa ndoo, wakakoroga, wakalisakafia kaburi la Mzee Kombo mpaka likawa kama meza ya ofisi. Walipoondoka wenzake, Bi Zamoyoni alibaki nyuma akaweka kiganja juu ya saruji mbichi, akamwomba radhi mumewe kwa uzito ule. Akamweleza ni kwa ajili ya nani. Alama ya kiganja ilibaki, na Ngwenje alipokuja kukagua mara ya pili akaiongezea maksi za mvuto.

Kilichobaki ni mafunzo. Hakuna Msubiria aliyeruhusiwa kwenda ubalozini bila kupita Darasa la Kurudi, kwa sababu wizara ilikuwa imegundua kwamba wananchi wana sababu lakini hawana sauti. Darasa lilikuwa ukumbini, na mkufunzi alikuwa bwana mnene aliyewahi kuongoza kwaya ya polisi. Kwa muda wa asubuhi nzima alisimama juu ya kreti ya soda, akainua mikono, na ukumbi mzima ukaitikia kwa sauti moja: Nitarudi. Akawataka waiseme kwa tabasamu. Akawataka waiseme kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Vijana walikuwa hodari mno. Mmoja aliyekuwa amekwisha kuuza kitanda, redio na kiwanja aliisema kwa uchungu mpaka mkufunzi akamtoa mbele awe mfano.

Mdomo mmoja tu haukufunguka. Mkufunzi alimwona, akashuka kwenye kreti, akamwendea na kumwuliza kama ni bubu.

Bi Zamoyoni akamweleza kwa sauti ya chini. Kwao anayekwenda msibani haagi, wala hatamki kwamba atarudi. Huinuka tu akaenda. Neno hilo likitamkwa kwenye safari ya msiba, humfungulia mlango msiba mwingine, na humwangukia mmoja wa watu wa nyumbani kwake aliowaacha nyuma. Angesema lolote lingine waliloona linafaa. Hilo hawezi.

Mkufunzi aliwageukia wanafunzi, akatangaza kwamba mila ni jambo jema sana na ndiyo maana lina wizara yake, ghorofa ya tatu. Hapa ni ghorofa ya kwanza. Akarudi juu ya kreti. Cheti alichompa mama huyo kilisema amehudhuria, bila sauti.

Ubalozi wa Ng'ambo Kuu ulikuwa jengo safi, lenye ubaridi wa kuhifadhi nyama. Nyuma ya kioo alikaa afisa wao, bibi kijana mwenye miwani, na kando yake mkalimani wa Kisubiria, mzee mmoja aliyevaa koti lililomzidi. Walitazama masikio yake kwenye picha. Walitazama cheti cha mapafu. Picha ya kaburi iliwafurahisha, afisa akamwonyesha mwenzake jinsi lilivyo imara. Kisha akauliza, na mkalimani akageuza: Unakwenda kufanya nini?

"Kumwosha mwanangu na kumzika."

Utarudi?

"Nikishamzika, sitakuwa na kazi tena kule," alisema Bi Zamoyoni.

Afisa alisikiliza tafsiri, akasema hilo si jibu. Akarudia. Bi Zamoyoni akasema nyumba yake iko Mferejini, godoro la watu liko nusu, sindano ameiacha imechomekwa kwenye kitambaa. Afisa akasema hilo nalo si jibu, anataka neno moja, ndiyo atarudi au hapana hatarudi. Mkalimani aliinama karibu na tundu la kioo. Alikuwa mtu wa kwao, alijua yote.

"Dada yangu," alisema polepole, "mimi nakuelewa. Najua unakotoka. Lakini huyu hana pa kuliandika hilo. Litamke tu."

Hapo ndipo Bi Zamoyoni alipojiuliza swali ambalo hakuwahi kujiuliza tangu aifahamu desturi ile. Neno lile humwangukia mmoja wa walioachwa nyuma. Akawatafuta hao walioachwa nyuma. Akamtafuta mama, akamtafuta baba, akamtafuta Kombo, na kila aliyemfikia alikuwa ametangulia. Akamfikia Arafa akapita. Hakubaki mtu. Msiba ungekuja na kubisha hodi katika nyumba yake ungekuta magodoro. Akaona kumbe ni salama kabisa, kwamba katika Subiria nzima hakuna mtu aliye huru kulitamka neno lile kama yeye, na huo uhuru ukamkaa kifuani kama jiwe.

"Nitarudi," alisema.

Mkalimani aligeuza akiwa ametazama chini. Afisa aliandika kwa muda. Kisha akasukuma pasipoti kupitia tundu la chini, na mkalimani akasoma kilichoandikwa, kwa sauti isiyokuwa yake. Ombi limekataliwa. Mwombaji alichelewa kujibu, na mwenye kuchelewa kujibu yaelekea atachelewa kurudi. Anakaribishwa kuomba upya baada ya msimu wao wa baridi.

Bi Zamoyoni alibaki amesimama pale mpaka mlinzi akaja kumwambia, mama, dirisha limefungwa.

Hospitali ilikataa kungoja zaidi, kwa kuwa Ng'ambo Kuu hawana kipaji hicho. Hadiya na wenzake watatu wa kazini walimchukua Arafa, wakamwosha wao. Jioni Hadiya alipiga simu kueleza, na Bi Zamoyoni akamsikiliza akiwa sakafuni kwa Bi Kidawa, mgongo ukutani. Hakuuliza habari za kaburi wala za waliohudhuria. Aliuliza nani alimwaga maji ya kwanza. Hadiya akasema ni yeye. Akauliza kama maji yalikuwa ya vuguvugu, kwa sababu Arafa tangu mdogo alichukia maji baridi, alikuwa anakimbia uani uchi, ndoo inabaki. Hadiya akasema aliyapasha, akayajaribu kwanza kwenye kiwiko.

"Ahsante, mwanangu," alisema Bi Zamoyoni. "Kwenye kiwiko ndiyo sawa."



Haukupita muda mrefu, ikaja Siku ya Marejeo, ambayo Subiria huiadhimisha kila mwaka kwa gwaride, ngoma na hotuba. Gari la wizara likasimama mlangoni kwa Bi Zamoyoni, na Bwana Ngwenje akashuka akiwa na tai mpya, fupi vilevile. Alisema mama anahitajika uwanjani, ni habari njema. Bi Zamoyoni alikuwa hajavua hata nguo nyeupe za msiba. Wakamwambia nyeupe inapendeza kwenye picha.

Uwanjani Mheshimiwa Kasuvi Mtandika alihutubia mwenyewe, kwa meno mapya. Alisema yeye pia ameguswa na suala la kurudi, kwa kuwa wanawe wote wanasoma Ng'ambo Kuu na mkewe anaishi huko kwa ajili ya kuwapikia, na kila mara anapokwenda kuwaona yeye hurudi, bila kushurutishwa na mtu, na wanaobisha waulize shirika la ndege. Kisha akatangaza mafanikio. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza katika historia ya taifa, hakuna hata mwombaji mmoja wa Mferejini aliyetoroka. Wote wako nyumbani. Ngwenje, aliyekaa nyuma, alijua kwamba wote wako nyumbani kwa sababu wote walinyimwa, lakini kanuni haikuwa na fungu la kutenganisha hayo.

"Na miongoni mwao," alisema Waziri, "yupo mama mmoja aliyekuwa sababu iliyofeli. Mama huyu hakukata tamaa. Alitafuta kaburi, akalisakafia, akahudhuria darasa. Leo hii yuko hapa. Angeweza kuwa kule, ndugu zangu, lakini yuko hapa. Huu ndio uzalendo."

Bendi ikapiga. Bi Zamoyoni akapandishwa jukwaani, akapewa saa ya ukutani yenye sura ya Mheshimiwa na cheti cha Mrejeaji Bora. Picha zikapigwa, kwa mbele na kwa ubavu. Akapewa kipaza sauti aseme machache kuhusu furaha ya kurudi.

Alikishika kama mtu anayeshika kitu cha moto.

"Mheshimiwa," alisema, "na Arafa wangu mmemhesabu wapi? Kwenye waliorudi au wasiorudi?"

Watu waliokuwa wameinua viganja wakavishusha. Waziri alitabasamu, akamwinamia Ngwenje. Ngwenje alimnong'oneza kwa kirefu, akionyesha juu, akionyesha chini, akitikisa kichwa. Waziri alinyooka, akasafisha koo.

"Mama, nakushukuru kwa swali zuri. Huyo, kwa taarifa nilizonazo, bado hajarudi. Lakini nataka nikuhakikishie, na taifa lote lisikie: serikali haijamsahau. Tunaendelea kumfuatilia."

Makofi yalikuwa makubwa. Bi Zamoyoni akasaidiwa kushuka ngazi.

Na serikali, mara hii moja, ilitimiza ilichoahidi. Kila mwanzo wa mwezi Bwana Ngwenje hufika Mferejini, huvua viatu mlangoni, hubisha hodi. Mara ya kwanza Bi Kidawa alitaka kumfukuza kwa maji ya kudekia, akamwambia aende akamfuatilie babu yake. Bi Zamoyoni alimzuia. Alimsogezea afisa kigoda, akapangusa sufi juu yake.

"Arafa binti Kombo amerudi?" Ngwenje aliuliza, macho yake kwenye karatasi.

"Bado."

"Kuna taarifa zozote kumhusu?"

Bi Zamoyoni akafikiri. Kisha akamwambia kwamba Arafa alikuwa anaogopa maji baridi. Ngwenje alisita, lakini nafasi kwenye karatasi ilikuwa kubwa, akaandika. Mwezi uliofuata akamwambia kuhusu kicheko, na jinsi mtu alivyolazimika kumshika bega. Mwezi mwingine, kuhusu jino lililotoka likamezwa na paka wa jirani, na kilio kilichofuata. Watu wengi mtaani wameacha kumtaja marehemu, kwa hisani, wakidhani wanamsaidia mama yake. Katika nchi nzima amebaki mtu mmoja anayelipwa mshahara kuja kuuliza habari zake. Kwa hiyo Bi Zamoyoni humpikia chai, naye Ngwenje huinywa taratibu na kuandika kila kitu, na mwisho wa ukurasa, panapotakiwa sababu, huuliza kama bado ni ileile.

"Ileile," husema Bi Zamoyoni. "Andika mama."